Kabla ya Kuchagua Zana, Simama Kauntani

Duka liko Makupa, Mombasa, la vifaa vya ujenzi. Misumari kwa kilo, mabati, mikebe ya rangi, mifereji ya plastiki, na mifuko ya saruji iliyopangwa hadi darini. Kompyuta ya kaunta ni ya mtumba, zile za "ex-UK" utakazozikuta katika maduka mengi ya mji huu: ramu ya gigabaiti 4, diski ya zamani inayozunguka, na ndani yake vumbi la saruji lililochanganyika na hewa ya chumvi.

Miaka sita iliyopita niliwaandikia programu ya kuuzia na kuhesabia bidhaa. Niliijenga kwa Electron, zana ya kujenga programu za kompyuta kwa ufundi wa kurasa za wavuti, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeizoea. Kwenye laptopu yangu ya gigabaiti 16 ilifunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya. Makupa, kila stima ilipopotea na kurudi, ilichukua karibu dakika nzima kusimama tena, na huku kaunta imejaa watu. Mwenye duka, ambaye namwita Ami kama wamwitavyo vijana wote wa mtaa ule, hakunifokea. Alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, mashini yako yafikiri, na mteja angoja. Mteja hangoji mara mbili."

Kosa lilikuwa langu, si la Electron. Nilichagua zana nikiwa nimeketi mezani kwangu, na programu ile haikuandikwa kwa ajili ya meza yangu.

Kwa msomaji asiyeandika programu: kiolesura ni ile sura ya programu unayoiona na kuigusa, yaani dirisha, kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha, menyu. Hakuna mtu anayekaa kuchora kitufe upya kila anapoanza kazi. Huchukua zana ambayo vitu hivyo vimo tayari, akavipanga atakavyo. Ukishaichukua, mmefunga ndoa, na talaka yake ni ghali. Ukibadilisha hifadhidata utaumia wiki mbili tatu. Ukibadilisha zana ya kiolesura, utaandika programu upya, maana kila skrini imesukwa kwa uzi wa zana ile.

Ndiyo maana nasema zana huchaguliwa kauntani. Itazame mashine itakayoibeba, mkono utakaoitumia, lugha itakayosema, na miaka itakayoishi. Vijana wengi ninaokutana nao hapa Mombasa huanza na swali jingine: zana ipi inasifiwa mwaka huu, au ipi itawapatia kazi Nairobi. Ni maswali halali kwa maisha ya mwandishi wa programu. Kwa maisha ya duka hayasaidii.

Niwe mwadilifu kwa Electron kwanza. Ilizaliwa GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell, ili kubeba kihariri kilichoitwa Atom. Wazo lake ni jepesi na lina nguvu: chukua Chromium, ambacho ni kiini cha kivinjari cha Chrome, kifunge pamoja na Node.js, kinachoendesha JavaScript nje ya kivinjari, na programu yako iwe ukurasa wa wavuti wenye dirisha lake wenyewe. Aliyejifunza HTML, CSS na JavaScript, lugha za kurasa za wavuti, ana nusu ya safari mkononi. Visual Studio Code, kihariri cha waandishi wa programu, imejengwa hivyo, na ni programu nzuri sana. Maandishi hutokea vizuri kwa lugha yoyote. Hata visomaji skrini, zile programu zinazomsomea mtu asiyeona yaliyo mbele yake kama NVDA, huelewana nayo vizuri kwa sababu Chromium imefanyiwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Tk 8.6, zana nyingine ya kiolesura ambayo nitaisifu hapa chini kwa mengine, haina mlango huo kabisa. Ukijua kwamba karani atakayeitumia programu yako haoni, Tk iweke kando hapo hapo.

Lakini kila programu ya Electron hubeba kivinjari chake kizima. Kabla hujaandika mstari mmoja, umeshavuka megabaiti 100 za diski. Ikiwaka haiwaki kama programu moja: kuna mchakato mkuu, mwingine wa kuchora ukurasa, mwingine wa michoro ya skrini. Kwenye mashine ya gigabaiti 4, Windows imeshachukua sehemu yake kubwa, na kinachobaki hakitoshi, kwa hivyo kompyuta huanza kuhamisha vitu kwenda diskini na kuvirudisha. Diski yenyewe ni ile inayozunguka. Pale ndipo Ami aliposimama akingoja.

Gharama ya pili ilinijia baadaye, nami sikuitarajia. Electron humfuata Chromium aendako. Februari 2023 Chrome iliacha Windows 7 na 8.1 kuanzia toleo la 110, na Electron ikafuata kwa toleo lake la 23. Mwenye kompyuta ya Windows 7 alibaki na programu isiyoweza kupokea marekebisho mapya ya usalama, na yeye mwenyewe hakuwa amefanya lolote. Mashine yake ilikuwa nzima na kazi iliifanya. Uamuzi wa kivinjari uliofanywa mbali kabisa ukaingia hadi kwenye droo yake ya pesa.

Kuna Tauri, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2022. Hiyo haibebi kivinjari. Hutumia kile kilichomo tayari ndani ya mfumo, WebView2 kwenye Windows na WebKitGTK kwenye Linux. Faili lake huwa dogo mno, nami naiheshimu. Ila sasa unaandikia injini mbili zisizofanana, na kumbukumbu bado inaliwa na injini ya wavuti. Kwa kaunta ya Makupa ingepunguza tatizo bila kuliondoa.

Suala la umri ndilo linalonisumbua zaidi, na ndilo linaloongelewa kidogo. Programu ya duka haiishi miaka miwili. Inaishi kumi, kumi na tano. Nimewahi kuingia katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini nikakuta programu ya Visual Basic 6 (VB6) ya Microsoft, na toleo hilo ni la mwaka 1998, ikiendelea kuchapa hati kila siku. Karani wake alianza kazi akiwa kijana, sasa ana wajukuu.

Tazama njia ambayo Microsoft imewapitisha waandishi wake tangu hapo, zana moja ya kiolesura baada ya nyingine. Windows Forms ilikuja mwaka 2002. Mwaka 2006 ikaja WPF, tukaambiwa ndiyo njia. Mwaka 2007 Silverlight, ambayo msaada wake ulikatwa Oktoba 2021. Mwaka 2015 UWP. Mwaka 2021 WinUI 3. Mwaka 2022 MAUI. Aliyehama kila alipoitwa ameandika upya programu moja mara tano. Ajabu ni kwamba zile za zamani zilizoonekana zimechoka ndizo zilizodumu. Programu za VB6 bado zinaendeshwa kwenye Windows 11, na Windows Forms pamoja na WPF zilibebwa hadi .NET Core 3.0, jukwaa jipya la Microsoft, mwaka 2019. Aliyebaki Windows Forms miaka yote hii, watu wakimwona ameachwa na gari, hakupoteza kitu kikubwa.

Sasa tazama upande wa pili, zana zisizo za Microsoft. Tk ilitoka mikononi mwa John Ousterhout huko Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1990. wxWidgets ilianzishwa na Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992. Qt ya Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, ilitolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1995. Zote ziko hai na zinatunzwa. Qt imepita mikononi mwa wenyewe kadhaa, Nokia wakiwemo kuanzia 2008, na dirisha lililoandikwa kwa vitufe vyake vya kawaida zamani zile bado lasomeka kwa macho ya leo.

GTK nayo ni ya miaka hiyo hiyo, lakini hapo natahadharisha. Ilizaliwa ili kujenga GIMP, programu ya kuhariri picha. Jina lenyewe latokana na GIMP. Hata hivyo GIMP yenyewe ilihamia GTK 3 katika toleo lake la 3.0 lililotoka Machi 2025, wakati GTK 4 ilikuwa imeshatoka tangu Desemba 2020. Ikiwa mama mzazi alihangaika hivyo kumfuata mwanawe, mimi na vijana wangu wawili tutamfuata kwa miguu ipi? Kwenye Linux yenye GNOME, mazingira ya dawati yaliyojengwa juu yake, GTK iko nyumbani. Kwenye Windows ni mgeni, na wateja wangu wengi walikuwa Windows.

Nasema walikuwa, kwa sababu hapo pia pamebadilika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 yataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida kichakataji cha kizazi cha 8 kwenda juu, yaani za kuanzia mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba nilizozishika Makupa, Mwembe Tayari na Kongowea ni za kabla ya hapo. Mwenye duka ana njia tatu: anunue mashine nyingine, abaki bila ulinzi, au ahamie Linux. Aliyeandikiwa programu kwa zana inayokaa kote kuwili, kama Qt, wxWidgets, Tk au Lazarus (zana ya lugha ya Pascal), njia ya tatu kwake ni kazi ya siku moja au mbili. Aliyeandikiwa kwa WPF hana njia ya tatu. Uamuzi huo alifanyiwa na mwandishi wa programu miaka minane iliyopita, pengine usiku mmoja, bila yeye kuulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu hulichukulia kama rangi ya mwisho ya nyumba, nami naona ndio msingi. Programu itasema lugha gani?

Kiswahili kina ngeli, na ngeli zikiguswa vibaya sikio la mtu wa Mvita laumia. Kwa Kiingereza mwandishi anaweza kutengeneza ujumbe mmoja wa kusema kitu kimefutwa, akachomeka tarakimu mwanzoni, ukafaa kwa kila kitu. Kwetu mteja 1 amefutwa, wateja 3 wamefutwa. Jina 1 limefutwa, majina 3 yamefutwa. Mfuko 1 umeuzwa, mifuko 3 imeuzwa. Kifaa 1 kimerudishwa, vifaa 3 vimerudishwa. Huwezi kuunganisha vipande vya maneno na kutarajia sentensi. Kila ujumbe lazima uandikwe mzima, kwa umoja wake na wingi wake, kisha zana ijue kuchagua upi ni upi kulingana na hesabu.

Hapa ndipo zana zinapoachana. Qt ina utaratibu wa tafsiri ambao alama ya %n hubeba hesabu, na mfasiri hupewa nafasi mbili za kujaza, umoja na wingi. Gettext, mfumo wa tafsiri unaotumiwa na GTK na wxWidgets na ambao lugha ya Python inao tayari, hufanya vivyo hivyo. Upande wa wavuti JavaScript ina Intl.PluralRules, na Kiswahili kimo. Lakini Tk na msgcat, kifurushi chake cha tafsiri, haina habari ya wingi, na faili za maneno za Windows Forms hazina pia. Itabidi uandike mwenyewe masharti ya "ikiwa ni moja" kila mahali, na siku moja utasahau. Nimeona programu ya duka jijini humu iliyosema "Mteja 4 imefutwa". Karani alicheka, lakini aliniambia pia kwamba tangu siku ile haamini hesabu zake. Anayekosea lugha hadharani hivyo, alisema, atashindwaje kukosea pesa?

Na maneno yetu yana urefu wake. Kitufe kilichochongwa kwa kipimo cha neno la Kiingereza la herufi nne kikipewa "Rudisha Bidhaa" hukata mkia. Programu za zamani zilizopanga kila kitu kwa kipimo cha nukta za skrini huumia sana hapa. Zana yenye mipangilio inayojinyoosha yenyewe, kama ilivyo Qt, GTK, wxWidgets na hata Tk, humpa kila kitufe nafasi inayolingana na maneno yake. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, hakuna anayeweza kudai kwamba Kiswahili hakitoshi kwenye skrini. Kilichobaki ni mwandishi kuchagua zana inayokipa nafasi, akaitumia.

Saa nayo ina hatari yake, na hapa hakuna zana itakayokuokoa. Nilipokuwa nikiandikia duka la dawa programu ya kuchapa vibandiko vya chupa, nilitumia kisanduku cha saa kilichomo ndani ya zana. Mfamasia alichagua saa ya jioni, 20:00. Msimbo wangu ulichukua 8, ukaongeza neno "usiku", na kibandiko kikatoka kimeandikwa "Kidonge 1 saa 8 usiku". Ni mfamasia mwenyewe aliyekishika kibandiko kile wakati wa majaribio, akakisoma mara mbili, akakirarua. Saa 8 usiku ni saa ambayo mgonjwa amelala fofofo. Tulichokusudia ni saa 2 usiku. Zana zote ninazozijua huhesabu saa kwa mtindo wa usiku wa manane, na saa yetu huanza na jua. Tofauti hiyo ya saa sita uiandike kwa mkono wako mwenyewe, uijaribu, na umpe mtu mwingine aijaribu.

Kisha kuna herufi zenyewe. Wazee wetu wa Mji wa Kale waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu karne nyingi, na hadi leo madrasa zina daftari za wanafunzi zenye majina kwa hati hizo. Madrasa moja upande wa Kibokoni iliniomba orodha ya wanafunzi yenye jina la kila mmoja kwa hati zote mbili. Nilijaribu kwanza kwa Tk 8.6 kwenye Linux, kwa kuwa dirisha lilikuwa dogo na Python imeshaibeba Tk. Herufi zikatoka zimeachana, kila moja imesimama peke yake, na mpangilio umegeuka. Ustadhi alitazama skrini akasema kwa upole, "Hilo si jina, hizo ni herufi." Nikahamisha dirisha lile lile hadi Qt, majina yakashikana yakaanza kulia. Ndani ya Qt, kama ilivyo ndani ya GTK na Chromium, mna maktaba iitwayo HarfBuzz ambayo kazi yake ni kuzishikanisha herufi inavyotakiwa. Jina lake ni la Kiajemi, na ile "harf" yake na "herufi" yetu zatoka shina moja la Kiarabu.

Kwa hivyo natumia nini? Qt, ile ya vitufe vya kawaida iitwayo Widgets, kupitia Python na PySide, daraja linaloiunganisha Python na Qt. Haing'ari kama mitindo ya simu, wala kaunta haihitaji kung'ara. Hufunguka upesi kwenye mashine dhaifu, hukaa Windows na Linux, husema Kiswahili kwa ngeli zake, na kijana aliyesoma Python chuoni anaweza kuirithi kazi yangu nikiondoka. Hilo la urithi ndilo lililoniondoa kwenye Lazarus, ambayo kwa haki inastahili sifa kuliko inazopata: faili moja, jepesi, linaloendeshwa hata na mashine iliyokata tamaa. Lakini nimetafuta vijana wa Pascal mjini humu na nimewapata wachache mno. Siwezi kumwachia mteja programu ambayo fundi wake wa pili hayupo.

Qt ina mitego yake, na mmoja ulinigharimu. Skana ya msimbopau, kwa macho ya kompyuta, ni kibodi tu. Huandika tarakimu upesi kuliko kidole chochote, kisha skana nyingi humalizia kwa kubonyeza Enter. Katika Qt, kitufe kilicho ndani ya kidirisha cha QDialog hupewa tabia iitwayo autoDefault bila wewe kuiomba, yaani Enter ikipigwa ndani ya kisanduku cha kuandikia, kitufe hubonyezwa. Karani wa Makupa alipitisha skana juu ya mkebe wa kwanza wa rangi. Tarakimu zikaingia, Enter ikapigwa, "Hifadhi" ikajibonyeza, dirisha likafunga mauzo. Mkebe wa pili ukaenda kwenye risiti mpya, wa tatu kwenye nyingine. Mteja mmoja, risiti tatu. Dawa yake ni mstari mmoja kwa kila kitufe, setAutoDefault(False), lakini mstari huo hutaujua ukiijaribu programu nyumbani bila skana. Niliketi nyuma ya kaunta asubuhi nzima kabla sijaelewa.

Asubuhi hiyo ilinifundisha pia kwamba karani hagusi kipanya. Mkono wa kushoto uko kwenye bidhaa, wa kulia kwenye kibodi, macho yako kwa mteja. Anataka F2 ya kutafuta, F9 ya kulipa, Tab iende kisanduku kinachofuata kwa mpangilio ule ule wa mazungumzo yake na mteja: kitu gani, ngapi, bei gani. Zana zote kubwa zaweza hilo. Waandishi ndio tusiolifanya, kwa kuwa sisi hujaribu kwa kipanya.

Leseni nizipitie upesi, maana watu huzigundua wakiwa wameshauza. PyQt, daraja jingine la Python na Qt, hutolewa kwa GPL, leseni huria inayotaka msimbo wako nao uwe wazi, au kwa kununua. Ukiuza programu ambayo msimbo wake umeufunga, huna budi kununua. PySide, ambayo inafanana nayo kama mapacha, iko chini ya LGPL, na hiyo yakubali msimbo wako ubaki wako almuradi umwache mtumiaji aweze kuibadilisha maktaba ya Qt yenyewe. Hili si jambo dogo katika historia. Leseni ya Qt ya kwanza iliwakera wapenzi wa programu huria kiasi kwamba mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena walianzisha GNOME juu ya GTK ili kuikwepa. LGPL iliingia Qt mwaka 2009, na toleo la 4.5.

Ataniuliza mtu, mbona usiandike tovuti tu, kila mtu akaifungua kwa kivinjari? Kwa ofisi nyingi ndilo jibu sahihi, nami huwaambia hivyo na kurudi nyumbani bila kazi. Lakini nyaya za mtandao za chini ya bahari, SEACOM, TEAMS na EASSy, zote hutua hapa hapa Mombasa, na bado Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika baharini, mtandao ulilegea pwani hadi bara. Siku za kawaida, mtaa mmoja ukikosa mawasiliano saa tatu si habari. Duka la dawa haliwezi kumwambia mtu arudi kesho na homa yake. Programu iliyokaa ndani ya mashine ya duka, ikihifadhi mauzo hapo hapo na kuyatuma mtandao ukirudi, bado ina kazi yake katika mji huu.

Siku hizi kabla sijaandika lolote nachukua flashi yenye dirisha moja dogo nililolijenga kwa zana ninayoifikiria. Lina orodha ya bidhaa elfu tano, kisanduku cha kutafutia, jina moja kwa hati za Kiarabu, ujumbe mmoja wenye ngeli, na kitufe cha kuchapa risiti. Nalipeleka kwenye mashine yenyewe ya mteja, naizima kompyuta na kuiwasha, nahesabu sekunde. Kisha nampa karani skana na kusimama nyuma yake nikiwa kimya.

Makupa tuliandika upya, miezi minne ya kazi ambayo sikumtoza Ami. Kompyuta ni ile ile, sasa ina Linux. Wiki jana nilipita kununua misumari. Stima ilikuwa imerudi punde tu na feni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuzunguka. Yule dada wa kaunta aliandika mifuko 12 ya saruji akiwa anamsalimia mteja, akapiga F9 bila kutazama skrini, risiti ikatoka, akaikata kwa kidole gumba na kuita, "Anayefuata!"